Kuwashukuru Walei Wanaojitolea Parokiani Wakingali Hai: Mwongozo kwa Halmashauri za Walei

Katika parokia zetu nyingi, wasifu wa mlei (mwamini asiye padre wala mtawa) aliyetumikia kwa miaka mingi husomwa hadharani mara moja tu, nayo ni siku ya mazishi yake, na anayeusoma huwa ni ndugu aliyefika jana kutoka mbali ambaye hajui hata kigango (tawi la parokia) alichokitumikia marehemu. Hapo ndipo waamini wanapopata habari kwamba yule mzee aliyezoea kukaa benchi la nyuma karibu na mlango ndiye aliyekuwa akifungua kanisa saa kumi na moja alfajiri kwa miaka ishirini. Nilikuwa katibu wa halmashauri ya walei ya parokia moja nchini Tanzania kwa mihula miwili, na wasifu wa namna hiyo nimeuandika mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mwongozo huu unaeleza jinsi parokia inavyoweza kuifanya kazi hiyo mapema, wakati mhusika angali na masikio ya kuisikia.

Pingamizi moja hutangulia kila mara jambo hili linapoletwa kikaoni. Atasimama mjumbe na kukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwingine ataongeza maneno ya Bwana katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Hoja hizo ni za haki na zijibiwe kwa heshima. Maneno ya Injili yanamhusu anayetoa, asijipigie tarumbeta. Hayampi anayepokea ruhusa ya kunyamaza. Mtume Paulo, akiufunga Waraka kwa Warumi, anawataja watu zaidi ya ishirini kwa majina, na wengi wao anawataja pamoja na kazi zao: Foibe, mtumishi wa Kanisa la Kenkrea, Priska na Akula, waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake na ambao nyumba yao ilikuwa mahali pa kusanyiko, Maria, aliyejitaabisha sana kwa ajili ya jumuiya. Katika orodha ile kila mmoja ana jina lake, na wengi wana kazi iliyotajwa waziwazi. Mgema huharibiwa na sifa zisizo na mipaka, lakini mtu anayetajwa kwa kazi aliyoifanya kweli huoneshwa pia kwamba kazi hiyo ilionekana na kwamba inasubiriwa tena wiki ijayo. Hatua zote zinazofuata zinategemea mambo hayo mawili, jina na kazi.

Hatua ya kwanza: fungueni daftari la watumishi

Anzeni na daftari, hata kama hamna hakika bado kwamba mtafanya sherehe. Parokia ina daftari la ubatizo, la kipaimara, la ndoa na la wafu, lakini ni nadra kuikuta ina kumbukumbu ya waliofundisha hao waliobatizwa, waliowapambia maharusi kanisa, na waliochimba makaburi. Daftari la kawaida la mistari linatosha. Kila mtu aandikiwe jina lake kamili kama anavyoliandika mwenyewe, jumuiya na kigango chake, kazi anayoifanya, mwaka alioianza, na majina ya watu wawili wanaoishuhudia kazi hiyo.

Msikusanye majina kwa tangazo la Dominika peke yake. Tangazo huwaleta wanaojulikana tayari: mwenyekiti wa kigango, mwalimu wa kwaya, viongozi wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) na UWAKA (cha wanaume), walezi wa VIWAWA (cha vijana). Wengine hawataleta majina yao, kwa kuwa hawajawahi kufikiri kwamba wanachokifanya kina jina. Pitieni kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo. Tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoziweka jumuiya hizo katikati ya uchungaji wa eneo hilo katika miaka ya 1970, zimekuwa zikikutana majumbani, na kwa sababu hiyo zinajua mambo ambayo ofisi ya parokia haiyajui. Ulizeni swali moja katika kila jumuiya na mwache watu wazungumze: ni kazi gani ikikosa kufanyika wiki hii sote tutaona pengo lake, na ni nani anayeifanya? Majibu yatawashangaza. Mtamsikia mama anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare nyumbani kwake kwa mkaa wake. Kijana wa bodaboda anayempeleka katekista kwenye kigango cha mbali bila kudai nauli. Mzee anayekaa na wagonjwa na anayejua ni saa ngapi aende kumgongea padre kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa. Fundi anayepanda juu ya paa kila masika. Wanaohesabu sadaka hadi saa nane mchana wakati wengine wamekwisha kula na kulala.

Ninasisitiza hatua hii kwa sababu ya kosa tulilolifanya mwaka wetu wa kwanza. Tuliandaa orodha ofisini, tukiwa watu wanne, kwa muda wa jioni moja. Siku ya sherehe walitajwa watu thelathini na wawili, na aliyefagia kanisa siku hiyohiyo asubuhi, kama alivyofanya kila Jumamosi na kila mkesha wa sikukuu kwa zaidi ya miaka kumi, hakuwamo. Alikaa hadi mwisho, akapiga vigelegele kwa wenzake, kisha akabaki kuokota makaratasi ya zawadi. Tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi, naye alitupokea vizuri, lakini mimi binafsi sijaisahau jioni ile. Kuanzia hapo tulijiwekea kanuni kwamba orodha isomwe kwenye jumuiya zote kwa wiki tatu kabla haijafungwa, na kila jumuiya iulizwe ni nani aliyeachwa.

Hatua ya pili: tenganisheni anayejitolea na anayedai ujira

Hapa parokia nyingi hukosea kwa nia njema. Katekista anayefanya kazi siku sita kwa wiki, anayeendesha ibada ya Dominika kigangoni padre asipofika, anayefundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) na kuzika wafu, mara nyingi si mtu wa kujitolea kwa maana tunayoizungumzia hapa. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanoni ya 231, unasema kwamba walei waliojitoa kwa utumishi maalumu wa Kanisa wanapaswa kupata malezi yanayofaa, na kwamba wana haki ya malipo ya staha yanayolingana na hali yao, yatakayowawezesha kukidhi mahitaji yao na ya familia zao, pamoja na hifadhi ya jamii na matibabu. Cheti chenye fremu ya dhahabu hakiwezi kuchukua nafasi ya posho ya miezi mitano ambayo haijalipwa, na mtu anayepewa cheti hicho huku akidai hujisikia amedhihakiwa mbele ya watoto wake.

Basi kabla ya kupanga heshima yoyote, mwekahazina akae na paroko na kamati ya fedha, ambayo kila parokia inapaswa kuwa nayo kwa mujibu wa kanoni ya 537, waangalie nani anadai nini. Kama deni lipo, lilipwe kwanza, au angalau mhusika aelezwe kwa ukweli litalipwa lini. Kama parokia haiwezi kulipa, isimwite mtu huyo mwenye kujitolea ili kuficha deni.

Hatua ya tatu: undeni kamati ndogo na kubalianeni vigezo

Watu watano wanatosha, wakitoka vigango tofauti, na angalau mmoja awe kijana. Vigezo viwe vichache na viandikwe: muda wa utumishi, uaminifu katika kazi, na ushuhuda wa jumuiya. Mchango wa fedha usiwe kigezo. Aliyetoa mifuko hamsini ya simenti anastahili shukrani, naye kwa kawaida huipata, kwa kuwa jina lake husomwa siku ileile ya harambee. Ila akiingizwa katika orodha hii, mama wa vitambaa vya altare ataondoka akiamini kwamba hata hapa mwenye nacho ndiye anayeonekana.

Kuna jambo moja zito ambalo kamati isilikwepe. Kabla jina halijapitishwa, paroko aulizwe kwa faragha kama kuna malalamiko yoyote yanayomhusu mtu huyo, hasa yanayohusu watoto au fedha za waamini. Kumpandisha jukwaani mtu ambaye mtoto fulani anamwogopa ni jeraha kwa mtoto huyo na kwa familia yake. Malalamiko yakiwapo, yashughulikiwe kwa utaratibu wa jimbo na wa sheria za nchi, na jina lisitangazwe. Tofauti na hilo, wapo watumishi waaminifu ambao bado hawajafunga ndoa Kanisani au ambao maisha yao ya nyumbani yana mzigo unaojulikana mtaani. Hao wasinyimwe shukrani. Kumshukuru mtu kwa kufagia kanisa si kumtangaza mwenye heri.

Hatua ya nne: chagueni siku kwa kufuata kalenda ya Liturujia

Msipange sherehe ndani ya Kwaresima. Majilio nayo ni kipindi cha kungoja Noeli, hivyo ni bora iachwe ipite. Siku nzuri kuliko zote ni sherehe ya somo wa parokia (mtakatifu msimamizi wake), kwa kuwa vigango vyote hukusanyika mahali pamoja. Dominika ya Kristo Mfalme, sherehe iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1925 na ambayo leo huadhimishwa Dominika ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, nayo inafaa sana, kwa sababu mlei hushiriki ufalme wa Kristo kwa ubatizo wake na kwa kutumikia.

Kwa makatekista na walezi wa watoto, fikirieni tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Kati ya wale ishirini na wawili waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964 hakuna padre hata mmoja. Walikuwa walei, na baadhi yao, kama Karoli Lwanga na Andrea Kaggwa, waliwafundisha wenzao imani. Vivyo hivyo Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliouawa Paimol kaskazini mwa Uganda mwaka 1918 na kutangazwa wenye heri mwaka 2002, walikuwa makatekista vijana. Kuwashukuru makatekista siku kama hiyo kunawaonesha ukoo wao ni upi.

Viongozi wanaomaliza muhula wasisubiri siku ya jumla. Uchaguzi huacha manung'uniko, na mwenyekiti anayeondoka mara nyingi hukabidhi mafaili mchana na kusahauliwa jioni. Washukuriwe siku ileile viongozi wapya wanaposimikwa, kabla wapya hawajaitwa mbele.

Hatua ya tano: mwulizeni mhusika kwanza

Tumeni watu wawili nyumbani kwake, mmoja wao akiwa wa rika lake, na wazungumze naye kwa adabu. Wapo wanaofurahi, wapo wanaoona haya, na wapo walioweka nadhiri moyoni kwamba kazi yao ibaki kati yao na Mungu. Anayekataa kutajwa hadharani aheshimiwe. Paroko anaweza kumtembelea nyumbani, akasali na familia yake na kumbariki. Anayekubali aulizwe jina lake liandikwe vipi, lisomwe vipi, na nani wa familia yake waalikwe. Mke au mume na watoto ndio waliobaki peke yao jioni za mikutano na mazoezi ya kwaya, hivyo mwaliko wao usichukuliwe kuwa nyongeza.

Hatua ya sita: pangeni adhimisho bila kuifunika Misa

Misa ni ya Mungu, na kila kinachofanyika ndani yake kimwelekee Yeye. Mahubiri yabaki mahubiri; yasigeuzwe kuwa wasifu wa watu. Nia ya Misa inaweza kuwekwa kwa ajili ya watumishi wote wa parokia walio hai na marehemu, na katika Sala ya Waamini liwepo ombi moja kwa ajili yao. Katika maandamano ya matoleo, watumishi wenyewe wanaweza kuleta mkate na divai. Nimeona parokia zikileta na ufagio, chaki na pasi mbele ya altare. Nia yake naielewa, ila kwa maoni yangu vitu hivyo vipate nafasi yake ukumbini, na kwenye matoleo tubaki na mkate, divai na zawadi kwa ajili ya Kanisa na maskini.

Kutajwa kwa majina kufanyike baada ya Sala baada ya Komunyo, pale ambapo Liturujia inaruhusu matangazo mafupi, kisha paroko awaombee na kutoa baraka ya mwisho kwa wote. Msomaji asimame na orodha aliyoisoma kwa sauti nyumbani si chini ya mara mbili, maana jina linalotamkwa vibaya huumiza, na jina la babu wa mtu halirekebishwi kwa kicheko. Kila jina lifuatwe na sentensi moja ya kweli. Mfano wa sentensi dhaifu ni huu: "amekuwa nguzo ya parokia na mfano wa kuigwa na wote." Maneno hayo yangeweza kusemwa juu ya mtu yeyote. Linganisha na hii: "tangu mwaka 2004 amefundisha Komunyo ya Kwanza katika kigango chetu, akitembea kilomita saba kila Jumamosi, na hakukosa ila juma alilojifungua." Mwenye kazi husikia kwamba aliangaliwa, na waliofundishwa naye, ambao sasa wamekaa na watoto wao kwenye mabenchi, huinua vichwa.

Orodha ikizidi watu ishirini, Misani wasimame kwa makundi ya kazi zao, na sentensi za mmoja mmoja zisomwe ukumbini. Risala, ngoma, maigizo ya Utoto Mtakatifu (chama cha watoto), vigelegele na kutuzana vyote vina nafasi yake huko, na huko hakuna sababu ya kubana muda.

Hatua ya saba: chagueni zawadi inayomfaa anayepewa

Cheti kinathaminiwa kuliko vijana wengi wanavyodhani. Nimeingia nyumba ambazo ukutani hapakuwa na kitu kingine ila picha ya Moyo Mtakatifu na cheti cha parokia. Kwa hiyo kiandikwe kwa Kiswahili sanifu, kitaje kazi na miaka, kitiwe saini kwa kalamu na paroko na mwenyekiti wa walei, na kipigwe muhuri. Kisomwe na watu wawili kabla hakijachapwa.

Juu ya cheti, zawadi itokane na kumjua mtu. Rozari na Biblia yenye maandishi makubwa humfaa mzee ambaye macho yamepungua. Kitenge au khanga humfurahisha mama, mradi jina la khanga lisomwe kabla ya kununuliwa, kwa kuwa khanga husema, na siyo kila inachokisema kinafaa kutamkwa na parokia. Kijana wa bodaboda atafurahia koti la mvua. Kwa mtumishi mwenye familia kubwa na kipato kidogo, kumlipia bima ya afya ya kaya yake kwa mwaka mmoja kunazidi thamani ya ngao yoyote ya kioo. Tulipoanza kulipa bima hizo tulipunguza keki na mapambo ya ukumbi, na hakuna aliyelalamika.

Fedha zikichangwa kwa ajili ya zawadi, zitumike kwa zawadi tu. Kanoni ya 1267 iko wazi kwamba matoleo yaliyotolewa na waamini kwa lengo maalumu hayatumiki kwa lengo jingine. Bakaa isomwe kwenye matangazo Dominika inayofuata, hata ikiwa ni shilingi elfu tatu.

Mambo mawili yasitumike kamwe kuwa zawadi. La kwanza ni kiti cha kudumu mbele kanisani. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unatosha kutuonya. La pili ni huduma yenyewe. Kumfanya mtu mhudumu wa Komunyo kwa sababu amezeeka katika kazi nyingine ni kuigeuza huduma kuwa nishani. Hata huduma ya katekista, aliyoianzisha rasmi Papa Fransisko kwa barua Antiquum ministerium ya tarehe 10 Mei 2021, ni wito unaohitaji kupambanuliwa na kuandaliwa, na anayesimikwa hukabidhiwa kazi ya kuianza.

Hatua ya nane: pale utumishi unapovuka mipaka ya parokia

Kwa wachache, halmashauri inaweza kupeleka jina kwa askofu. Majimbo huwa na namna zao za kuwashukuru walei, na ofisi ya askofu itaeleza utaratibu. Zipo pia tuzo za Kipapa, kama msalaba wa Pro Ecclesia et Pontifice ulioanzishwa na Papa Leo XIII mwaka 1888, na nishani ya Benemerenti. Parokia haiziombi moja kwa moja: paroko humwandikia askofu akieleza utumishi kwa ukamilifu, na askofu akiridhika hupeleka ombi Vatikani. Hapo ndipo lile daftari la hatua ya kwanza linapolipa, kwa sababu barua inayosema "amelitumikia Kanisa kwa muda mrefu" haimpi askofu kitu cha kushika. Mhusika asiambiwe chochote hadi jibu lifike, ili asije akaishi miezi akingoja kisichokuja.

Lililo jepesi zaidi ni hati ya Baraka ya Kitume, ambayo huombwa katika ofisi ya Vatikani inayosimamia sadaka za Papa kwa maskini, kwa idhini ya paroko, na mapato yake huenda kwa maskini hao. Inafaa hasa mtumishi anapoadhimisha jubilei ya ndoa.

Hatua ya tisa: endeleeni baada ya sherehe

Mtumishi aliyeshukuriwa Dominika na kupangiwa zamu tatu za ziada Jumatatu ataelewa kwamba shukrani ilikuwa chambo. Mpeni likizo. Mtafutieni msaidizi wa kufundishwa kazi yake, maana wengi huogopa kuzeeka kwa sababu hawaoni wa kuwapokea. Mpelekeni kwenye semina au mafungo kwa nauli ya parokia, na mumwombe ushauri kabla ya kubadilisha jambo katika kazi anayoijua kuliko ninyi.

Akiugua, asiwe wa mwisho kupelekewa Komunyo, yeye aliyewapelekea wengine padre. Akifariki, jumuiya isihangaike kutunga wasifu usiku wa mkesha. Katibu afungue daftari na anakili. Mwezi Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu wote, majina ya watumishi waliotangulia yasomwe kabla ya Misa, kila moja na kazi yake. Na siku katibu anapokabidhi ofisi, daftari hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na muhuri, funguo na vitabu vya fedha, naye katibu mpya atie saini kwamba amelipokea na kwamba amelisoma lote.